Tozo Ina Tarehe, Lami Ina "Mchakato": Madereva wa Ngara na Biharamulo Msiwalaumu Kwa Kutoamini

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumue. Nani kaachana na nani, nani kampa nani gari, huko tutarudi kesho. Leo nina kundi jingine la watu maarufu ambao kwa kutongoza na kuahidi ndoa hawana mpinzani mjini, ila ukishakubali tu, simu haipokelewi. Majina sitaji, maana si mmoja, si wa chama kimoja wala wa awamu moja, na wenyewe wakisoma watajijua. Ni wale wanaoshuka kwenye V8 lenye kiyoyozi, wanapangusa vumbi begani, wanapewa maiki na kusema: "Barabara hii itajengwa kwa kiwango cha lami." Makofi. Vigelegele. King'ora. Wameondoka.

Aliyebaki anaangalia vumbi ni dereva. Na leo namzungumzia dereva wa kule mwisho wa nchi, Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Ukimwambia serikali imeahidi jambo kuhusu barabara, leseni, mizani au matrafiki, anacheka kwanza. Halafu anaendelea kufunga turubai lake.

Kuna watu kicheko hicho kinawaudhi. Wanasema madereva ni wabishi, hawana shukrani, wamezoea kulalamika. Leo nabisha. Kutoamini kwao si kiburi. Wanaweka mahesabu, na mahesabu yao yako vizuri kuliko ya wengi wetu tunaolaiki kila picha ya uzinduzi.

KWANZA, KWA NINI NGARA IKUHUSU WEWE WA SINZA

Najua kuna mtu keshasema, "Mimi niko Sinza, Ngara inanihusu nini?" Twende taratibu.

Ukitoka Dar na mzigo wa Rwanda, unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unafika Nyakanazi wilayani Biharamulo. Hapo njia ya Kibondo na Kigoma inachepuka. Ukiendelea unafika Lusahunga, unaacha barabara ya Biharamulo mjini na Bukoba, unakata kuelekea Nyakahura, unaingia Ngara, unapita Benaco, unateremka Rusumo kwenye daraja la mto Kagera. Jumla ni kama kilomita 1,300. Wa Burundi anachepukia Ngara mjini hadi mpaka wa Kabanga na Kobero.

Maana yake ni hii: mzigo mwingi wa Rwanda unaoingia kwa bahari unashukia bandari ya Dar, na pesa ya bandari hiyo tunaila wote, hata wewe wa Sinza. Yote hayo yanategemea kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92 tu. Na kipande hicho kimebeba mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu waliokimbia vita walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24. Magari ya misaada yakafuata, mwezi baada ya mwezi, kwenye lami hiyohiyo. Hata jina la Benaco limetoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Yaani watu wa Ngara, mkandarasi akifanya kazi, jina lake wanaliita mji. Halafu unaniambia hawana shukrani?

Barabara ikichoka, hasara haiishii kwenye shokomzoba. Madereva wa zamani wa njia hii wanakumbuka miaka ya kusindikizwa na askari wenye bunduki kupita mapori ya Biharamulo na Ngara. Magari yalisubiriana, yakapangwa, yakaondoka kwa msafara kama harusi, ila harusi ya watu wenye hofu. Jambazi wa porini hahitaji kuweka gogo barabarani kama shimo lipo tayari. Lori lenye tani hamsini na kitu likifika kwenye shimo linapunguza mwendo hadi mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo anapokungojea.

TUFUNGUE DAFTARI LA TAREHE

Sasa twende kwenye hoja yangu, ambayo ni moja tu: serikali inapochukua kutoka kwa dereva, inakuja na tarehe na kiasi. Inapomwahidi barabara au njia isiyo na usumbufu, inakuja na neno "mchakato".

Angalia mwenyewe.

Bajeti ya Juni 2017. Tukaambiwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile road licence iliyokuwa inawasumbua watu, imefutwa. Watu wakaruka. Hotuba hiyohiyo ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na hata mafuta ya taa. Zawadi na bili zikaja kwenye bahasha moja. Hii siilaumu sana, angalau ilikuwa wazi: toa huku, weka kule.

Bajeti ya 2021. Shilingi 100 zikaongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA.

Bajeti ya 2023. Shilingi 100 nyingine kwa lita, safari hii kwa miradi ya kimkakati.

Makato yote haya yalisubiri Julai tu, mwaka mpya wa fedha. Hakuna aliyesema tunafanya upembuzi yakinifu wa hiyo mia. Hakuna aliyesema usanifu wa kina wa tozo unaendelea, wananchi wawe na subira, tutaanza kukata fedha zikipatikana. Tarehe imefika, pampu imebadilika, umelipa.

Tupige hesabu ndogo. Ile 40 tuiache kando maana ilibadilishana na ada. Tuchukue zile mia mbili tu. Tuseme lori linakula lita moja kwa kilomita mbili. Dar hadi Rusumo na kurudi ni kilomita kama 2,600, sawa na lita 1,300. Zidisha kwa 200: ni shilingi 260,000 kwa safari moja. Kijana wa bodaboda pale Nyakanazi akitumia lita tatu kwa siku anatoa 600. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni 180,000. Hiyo ni nyongeza tu ya juzi, hujagusa tozo za zamani.

Huyo bodaboda wa Nyakanazi ameshalipia barabara, na amelipa kwa wakati. Sasa muulize barabara ya Nyakahura kwenda Rulenge hadi Murugarama, inayopita katikati ya vijiji vya Ngara, ameanza kuisikia lini kwenye hotuba. Atakujibu kwa kucheka, kile kicheko nilichokwambia mwanzo.

NENO LA MDOMO NA SOMO LA 2015

Kama unadhani madereva walizaliwa na ubishi, rudi nyuma hadi Ijumaa ya Aprili 10, 2015. Wengine humu mlikuwa shule ya msingi, kwa hiyo nisikilizeni.

Siku hiyo madereva wa mabasi na malori waligoma. Kituo cha Ubungo kikajaa abiria na mabegi, magari yamekaa. Basi la Ngara lilikuwa sawa na basi la Mbeya: yote yalikuwa mapambo. Mabomu ya machozi yakapigwa. Kisa kikubwa kilikuwa utaratibu wa kumtaka dereva arudi darasani kila leseni inapotaka kuhuishwa, kwa gharama yake mwenyewe, wakati wengi wao hawana hata mkataba wa kazi kutoka kwa tajiri. Na kwenye mikataba ndipo kilio chenyewe kilipokuwa.

Mheshimiwa akaja, akapanda juu, akachukua kipaza sauti, akasema suala la kurudi shule limefutwa na mengine yatashughulikiwa. Madereva wakapiga makofi, wakawasha magari. Waliamini, jamani. Waliamini kwa neno la mdomo.

Mei 4 mwaka uleule, hata mwezi haujaisha, wamegoma tena. Kwa nini? Kwa sababu "yatashughulikiwa" haikuwa na tarehe. Safari hii ikaundwa kamati. Na ninyi mnajua kwetu kamati ni nini: ni mahali ambapo jambo lako linakwenda kupumzika.

Kwa hiyo dereva wa leo anapokwambia "nipe kwa maandishi", hana dharau. Alishaamini bure mwaka 2015.

VITUO VITATU

Sasa hii inawahusu Biharamulo moja kwa moja. Kwa miaka tumeambiwa kwamba lori la transiti kutoka Dar litakaguliwa sehemu tatu tu: Vigwaza mkoani Pwani, Manyoni mkoani Singida, na Nyakanazi wilayani Biharamulo. Mizani, polisi, forodha, wote wanakaa sehemu moja, wanakuangalia mara moja, unakwenda. Mpango mzuri. Nauunga mkono kwa mikono miwili. Aliyeubuni alikuwa na akili.

Lakini sasa mtafute dereva yeyote wa transiti, si lazima awe rafiki yako, mnunulie chai ya maziwa pale Nyakanazi. Muulize swali moja: "Mzee, toka Dar umesimamishwa mara ngapi?" Usimwambie nimekutuma mimi. Kama jibu ni tatu, njoo hapa unitukane, nakubali. Ila nina wasiwasi atakuuliza kwanza: "Za kusimamishwa na tochi, za kusimamishwa na mkono, au za kusimamishwa na mtu amekaa kwenye kivuli cha mwembe?"

Hapa ndipo ninapowaelewa madereva. Kuna ahadi za kalamu na kuna ahadi za mkono. Ahadi ya kalamu ni ya kubadilisha maandishi: futa ada, punguza faini, ruhusu hiki. Serikali yetu ya kalamu iko vizuri, tuseme ukweli. Ahadi ya mkono ni ile inayomtaka mtu fulani, mahali fulani barabarani, aache kunyoosha mkono. Au inayotaka greda lije hata kama hakuna mgeni anayekuja. Hiyo ndiyo inayopotelea porini.

WAHESHIMIWA WETU, AINA KWA AINA

Kwa kuwa hii ni kona ya umbea, lazima tuwapange wahusika. Majina nyumbani.

Yupo Bwana Upembuzi. Huyu kila ukimuuliza barabara, anakwambia "upembuzi yakinifu umekamilika na sasa tuko kwenye usanifu wa kina". Mwaka ujao: "usanifu wa kina umekamilika na sasa tunatafuta fedha." Mwaka unaofuata: "tunahuisha usanifu kwa sababu ule wa mwanzo umepitwa na wakati." Hapo barabara ina vyeti vingi kuliko mwalimu mkuu, ila lami hata ya kupaka kiatu hakuna.

Yupo Bi Kifusi. Anakuja ziarani, na wiki moja kabla yake mashimo yanazibwa kwa moramu. Kila dereva nchi hii anaijua hiyo. Ukiona greda limeamka ghafla, uliza tu nani anakuja. Mvua moja baada ya msafara, mashimo yamerudi na marafiki zao.

Yupo Kamanda Kuanzia Sasa. "Kuanzia sasa sitaki kusikia dereva anasumbuliwa barabarani!" Anashangiliwa sana. Haachi namba ya simu wala barua, na hasemi aliyesumbuliwa aende wapi. Kesho yake dereva akitaja tamko hilo mbele ya anayemkagua, anaambiwa: "Kamwambie aliyekwambia."

Na yupo Mzee wa Kampeni. Huyu hana haja ya maelezo, anapatikana kila baada ya miaka mitano.

Cheka, lakini angalia walichofanana: hakuna hata mmoja anayetaja tarehe.

WANAOTETEA NAO WASIKILIZWE

Nisije kuitwa mchochezi. Kuna hoja za upande wa pili, na ni za kweli.

Moja: barabara ni ghali, haiwezi kujengwa kwa tamko. Kweli. Mbili: zipo ahadi zilizotimia. Kweli tena, na nazitaja. Pale Rusumo palikuwa na daraja jembamba la mwaka 1972. Leo kuna daraja la njia mbili lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na marais wawili Aprili 6, 2016. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000. Mabasi yalikuwa yamezuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya tisini. Oktoba 1, 2023 yakaruhusiwa saa 24. Daraja la Kigongo–Busisi liliwekewa jiwe la msingi Desemba 2019 na likafunguliwa Juni 2025, na leo mtu wa Mwanza anayekwenda Biharamulo hasubiri kivuko.

Lakini rudia kuisoma hiyo orodha polepole. Faini: bajeti na mwaka. Mabasi ya usiku: tarehe moja Oktoba. Busisi: jiwe, mkandarasi, watu wanapita wanaona nguzo zinapanda. Pale ambapo ahadi ilikuja na kitu cha kushika, madereva waliamini na haikuwa shida. Hawana ugonjwa wa kutoamini. Wanachagua.

Tatu: madereva nao si malaika. Hii ndiyo kweli kuliko zote. Wapo wanaozidisha mzigo kisha wanalia barabara mbovu. Wapo wanaoteremka milima ya Ngara gia huru ili kubana mafuta, na breki zikikataa wanaokufa ni wenye kibanda cha ndizi. Wapo wanaotoa ya soda kabla hata hawajaulizwa leseni. Haya tuyaseme, tena kwa sauti. Ila kosa la dereva lina risiti: faini, namba ya kumbukumbu, na siku ya mwisho ya kulipa. Ukichelewa inaongezeka. Kosa la aliyeahidi lami halina namba ya kumbukumbu. Likichelewa, linapewa jina jipya na kuahidiwa upya.

KWA HIYO TUNATAKA NINI?

Hatutaki maajabu. Hakuna anayedai Ngara ijengewe barabara ya njia nane kama Kibaha. Ukarabati wa Lusahunga–Rusumo umetangazwa, na pale kazi inapofanyika tunapiga makofi bila kinyongo. Tunataka mambo matatu, na hayahitaji mkopo.

La kwanza, kila ahadi ya barabara ibandikwe kwenye bango kando ya barabara yenyewe, kwa Kiswahili: inaanza lini, inaisha lini, fedha kiasi gani na za nani, na ofisi gani ya kuuliza. Bango liwekwe siku ya ahadi, lisisubiri siku ya uzinduzi. Mheshimiwa asiye na tarehe ya kuandika kwenye bango, asipewe maiki.

La pili, kama sheria inasema vituo vitatu, basi dereva apewe karatasi yenye hivyo vituo vitatu, na anayemsimamisha kwingine aandike hapohapo jina lake na sababu. Hatujamzuia mtu kukamata mhalifu. Tunataka aandike tu. Mtu mwenye sababu ya halali hana tatizo na kalamu.

La tatu, zile mia za kwenye mafuta zielezwe kwa wilaya. Biharamulo imechangia kiasi gani, imepata kilomita ngapi. Ngara hivyo hivyo. Tunaweza kujua kila shilingi ya msanii aliyoingiza kwenye mtandao, tushindwe kujua mia ya petroli imeishia wapi?

Na ninyi mnaosoma hapa, mna kazi. Mheshimiwa akiposti video ya ahadi, msiandike "kazi iendelee" na mioyo mitatu kisha mkaondoka. Andikeni swali moja la maneno mawili: "Tarehe gani?" Litamsumbua kuliko matusi yote. Matusi anayafuta na kukublok. Swali la tarehe akilifuta, kila mtu anajua kwa nini.

Mpaka siku hiyo, mwacheni dereva wa Lusahunga acheke. Yeye analipa kwa lita na kusafiri kwa kilomita, vitu viwili visivyojua hotuba. Tozo alijulishwa siku yake ya kuanza. Lami naye ajulishwe.

Haya, wa Ngara, Biharamulo, Kakonko na Kahama, uwanja ni wenu. Taja barabara yako na mwaka ulioahidiwa kwa mara ya kwanza. Jina la mheshimiwa weka akiba.